Nakala ya The Fog Warning Kutoka Karakana ya Kisumu: Mvuvi Yupo, Ukungu Haupo

Kisumu haina uhaba wa picha za wavuvi. Kuanzia kwenye vibanda vya vinyago na vikapu hadi kwenye kuta za hoteli zinazotazama ziwa, utamkuta mvuvi yule yule: kivuli cheusi kilichosimama kwenye mashua, nyuma yake jua jekundu linazama, na mkononi ameshika kitu ambacho hakieleweki kama ni kafi, wavu au fimbo ya kuchungia ng'ombe. Hizo ni picha za kupamba ukuta na sina ugomvi na anayezinunua. Mimi nilitaka mvuvi aliye kazini, mwenye mikono inayoonekana na mzigo unaoonekana, na kwa sababu hiyo niliagiza katika karakana moja ya uchoraji na fremu hapa mjini nakala ya rangi za mafuta, iliyochorwa kwa mkono, ya picha ya Winslow Homer iitwayo The Fog Warning. Bei ilikuwa shilingi 18,000 pamoja na fremu, nusu ikilipwa mwanzoni. Sasa kwa kuwa imekaa ukutani muda wa kutosha, naweza kusema kwamba mvuvi mwenyewe amechorwa vizuri kuliko nilivyotarajia kwa bei hiyo, kwamba bahari na ukungu havikufikia kiwango, na kwamba kosa kubwa kuliko yote halikufanywa kwa brashi bali kwa tepu ya kupimia ya fundi wa fremu.

Ili msomaji aweze kupima maneno yangu, ni vyema aijue kwanza picha ya asili. Homer alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1836, na kabla ya kusifika kwa rangi za mafuta alikuwa mchoraji wa magazeti. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani alichora maisha ya askari kwa ajili ya jarida la Harper's Weekly. Naamini kazi ile ndiyo iliyomzoesha kutazama jinsi mtu anavyosimama, anavyobeba na anavyochoka. Katika miaka ya 1881 na 1882 aliishi Cullercoats, kijiji cha wavuvi katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza, na mwaka 1883 akahamia Prouts Neck katika jimbo la Maine, penye miamba inayopigwa na Bahari ya Atlantiki, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1910. The Fog Warning ni ya mwaka 1885, mwaka ule ule aliochora The Herring Net, yenye wavuvi wawili wanaopakia wavu uliojaa samaki. Ya kwanza imehifadhiwa katika Museum of Fine Arts mjini Boston, na ya pili katika Art Institute of Chicago.

Kinachoonekana katika The Fog Warning ni kidogo sana. Mvuvi mmoja yuko peke yake katika mashua ndogo ya mbao, ya aina iitwayo dori, amevaa kofia na mavazi ya kuzuia maji, na ameshika makasia mawili. Nyuma ya mashua wamelazwa samaki wakubwa aina ya halibati. Mbali kwenye upeo wa macho iko merikebu yenye matanga, na juu ya upeo huo ukungu mzito umeanza kujikusanya na kurusha mikia yake angani. Uvuvi huu ulikuwa na utaratibu wake: merikebu ilibeba dori kadhaa, ikazishusha zikiwa na mtu mmoja au wawili, nao wakaenda kutega na kukagua mishipi mirefu yenye ndoano nyingi, kisha wakarudi merikebuni na walichopata. Katika maji ya Newfoundland, mashariki mwa Kanada, ambako mkondo wa maji baridi kutoka Labrador hukutana na mkondo wa maji ya joto uitwao Gulf Stream, ukungu ni jambo la kawaida, na dori iliyofunikwa kabla ya kuifikia merikebu ilikuwa katika hatari ya kutoonekana tena.

Homer hakuchora uso wa hofu, wala mikono iliyoinuliwa kuomba msaada. Alichora uzito. Tezi, yaani nyuma ya mashua, imedidimia kwa sababu samaki wamelala huko, na omo, yaani mbele yake, limenyanyuka juu ya wimbi kiasi kwamba unahisi likishuka litaanguka kwa kishindo. Mvuvi ameacha kuvuta kwa nukta moja tu, amegeuza kichwa, anapima umbali uliobaki. Samaki wale ndio ujira wake, na wao ndio wanaomchelewesha. Mtazamaji akiisha kuliona hilo haambiwi zaidi. Hajui kama mtu huyu atafika. Ndiyo sababu ninaihesabu kuwa miongoni mwa picha za kweli kabisa za kazi ya uvuvi, na ndiyo sababu nakala yake ni mtihani mzuri kwa karakana yoyote, kwa kuwa hapa hakuna machweo ya kumfichia mchoraji udhaifu wake.

Nianze na sifa, kwa maana anazistahili mchoraji. Mwili wa mvuvi umekaa sawasawa. Ukiisogelea nakala hadi umbali wa mkono mmoja, utaona kwamba mgongo haukupakwa rangi moja ya hudhurungi kama gunia, bali vazi limekunjika pale ambapo bega linavuta, na mkunjo huo unashuka mpaka kiunoni kwa mpigo mmoja wa brashi pana. Ngumi zimeshika makasia kwa nguvu; vidole vinaonekana vimebanwa na kiganja hakikuachwa kikielea hewani, kosa ambalo nimeliona katika nakala nyingi za bei ya chini. Nilipomuuliza mchoraji alivyoipata mikono ile, alisema alimkalisha kijana wa karakana kwenye benchi akiwa na mipini miwili ya fagio, akamwambia avute huku akitazama mlangoni. Inasimuliwa kwamba Homer naye alimkalisha jirani yake katika dori iliyoegemezwa kwenye mchanga wa ufukweni, kwa hiyo mchoraji wetu, bila kujua, alifuata njia ya mwenye picha.

Ubao wa mashua nao umefanywa kwa uangalifu. Mbao za ubavuni zinafuatana, ukingo una mng'ao wa maji mahali panapostahili, na kivuli kilichomo ndani ya mashua ni cha kijani kilichofifia, hakikuwa cheusi tupu. Mtu aliyekulia karibu na mashua za ziwani hahitaji kufundishwa jinsi mbao zilizolowa zinavyofanana, na inaonekana.

Samaki ni habari nyingine. Halibati ni samaki bapa anayelala ubavu mmoja sakafuni mwa bahari. Upande wake wa juu ni mweusi-kahawia, wa chini ni mweupe, na macho yake yote mawili yako upande mmoja wa kichwa. Katika picha ya Homer weupe wa tumbo ndio unaolivuta jicho kwenda nyuma ya mashua. Katika nakala yangu samaki wana mgongo uliotuna, pezi la juu lililosimama kwa miiba, na jicho moja pembeni mwa kichwa. Hao ni mbuta, yaani sangara wa Ziwa Victoria. Ni mbuta waliochorwa vizuri, hata mnunuzi wa samaki angewatambua kutoka ng'ambo ya barabara, lakini mbuta hawaishi katika Atlantiki. Nililitaja jambo hili nilipokuwa ninaichukua, mchoraji akacheka na kujitolea kuwarekebisha, nami nikakataa. Pengine nilipaswa kukubali, ila kwa kweli wale samaki ndio sehemu ya picha iliyochorwa na mtu anayejua anachokichora, na nakala yenye mbuta wa kweli naipenda kuliko nakala yenye halibati wa kubahatisha.

Udhaifu unaanzia juu ya mstari wa upeo. Ukungu wa Homer ni wa kijivu kizito, mwepesi kingoni na mzito chini, na unapatikana kwa kupaka rangi nyembamba tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likisubiri la chini yake likauke. Karakana haikusubiri. Nyeupe imechanganywa na buluu zote zikiwa bado mbichi, na kilichopatikana ni wingu lenye ukingo mkali, la aina inayopita juu ya mji mchana wa kiangazi bila kumwamsha mtu. Rangi ya bahari nayo imepotoka. Maji ya picha ya asili ni ya kijani-kijivu yasiyo na urafiki. Haya yangu ni ya buluu inayong'aa. Sababu niliijua nilipooneshwa kielelezo kilichotumika, ambacho kilikuwa picha ya simu iliyoongezwa mwangaza na rangi, pengine na mtu aliyetaka ipendeze kwenye kioo cha simu. Anayeagiza nakala ya namna hii asiiachie karakana kazi ya kutafuta kielelezo. Majumba makubwa ya makumbusho huweka kwenye tovuti zao picha zenye rangi sahihi, na kuchapisha moja kwenye karatasi nzuri mjini ni gharama ndogo ukilinganisha na bei ya nakala.

Sasa nije kwenye tepu. Picha ya asili ina kimo cha takriban sentimita 77 na upana wa takriban sentimita 123. Sikutaka ukubwa huo, na wala kupunguza ukubwa si kosa. Katika Makumbusho ya Louvre, Paris, wanaoruhusiwa kunakili hutakiwa kutumia kanvasi isiyolingana kwa ukubwa na ya asili, ili nakala isije ikauzwa kwa jina la picha yenyewe. Lakini uwiano ni lazima ubaki. Kwa kimo cha sentimita 60, upana ulipaswa kuwa sentimita 96. Karakana ilinipa 60 kwa 90, kwa sababu hicho ndicho kipimo cha fremu wanazozikata kwa wingi, na sentimita sita zilizokosekana zikatolewa mahali ambapo mchoraji aliona ni pa bure, yaani kwenye maji matupu yaliyo kati ya mashua na merikebu. Merikebu ikasogezwa ndani. Kwa kuwa imesogezwa, na kwa kuwa mkono wa mchoraji ulitaka matanga yake yaonekane vizuri, ikaongezwa ukubwa pia.

Mtu anaweza kuona kwamba ninalalamikia vidole vitatu vya kitambaa. Hebu nieleze kilichotokea mjomba wangu alipoiona. Mjomba alivua kwa miaka mingi kutoka ufuo wa Dunga, akasimama mbele ya picha bila kuambiwa habari ya Homer wala ya Boston.

"Huyu mbona ameketi akikupa mgongo kule anakokwenda?" aliuliza.

"Mjomba, mashua zao hupigwa makasia mawili kwa kuvuta," nilimjibu. "Si kafi kama letu, ambalo mtu hulipiga akitazama mbele."

"Haya. Ndiyo maana amegeuka." Akasogea karibu. "Amepata samaki wazuri. Nyumbani kwao ni pale kwenye meli?"

"Ndiyo."

"Basi anahangaikia nini? Pale si atafika kabla ya chai?" Kisha akaonesha kwa fimbo yake lile wingu. "Na mvua hii imekwisha kunyesha."

Sikuwa na la kumwongezea. Mjomba si mhakiki wa sanaa, lakini alisoma mwili wa mvuvi bila kukosea, akatambua kwamba mtu yule ana wasiwasi, kisha akatafuta sababu ya wasiwasi huo katika picha na asiipate. Umbali umefupishwa na ukungu umegeuzwa wingu. Aliyebaki ni mtu anayefanya bidii kubwa pasipo na dharura. Alipokaa alianza kunieleza jinsi wao walivyokuwa wakifungiwa njia na magugu maji, hasa katika miaka ya 1990 yalipotapakaa katika Ghuba ya Winam: unatoka alfajiri maji yakiwa wazi, upepo unageuka, na unaporudi unakuta ufuo wako umezibwa na zulia la kijani ambalo mashua haipenyi. Mtu hukaa nje akitazama moshi wa jikoni kwake, samaki wakianza kuharibika. Nikimsikiliza nilifahamu kwamba alikuwa akinieleza picha ya Homer kwa usahihi kuliko nakala iliyokuwa ukutani.

Kuhusu fremu nitasema machache. Mbao ni za msipresi, pembe zimeungwa vizuri bila mwanya, lakini zimepakwa rangi ya dhahabu inayomeremeta na kushindana na picha; mwombe fundi abakishe mbao zilivyo na apake vanishi isiyong'aa. Mbele waliweka kioo. Picha ya rangi za mafuta kwa kawaida haihitaji kioo, na katika sebule yenye dirisha linaloingiza jua la alasiri, kioo kile kilinionesha pazia langu zaidi ya kunionesha bahari. Nilikitoa. Kukitoa kulinifunulia jambo jingine, kwamba mapovu ya mawimbi, ambako rangi nyeupe ni nene kuliko kwingine, yalikuwa bado laini yakiguswa, na vumbi na nyuzi za kitambaa zilikuwa zimekwisha kunata humo.

Hapa ni vyema mnunuzi aelewe jinsi rangi hii inavyofanya kazi, kwa kuwa wauzaji wengi hawalisemi. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji yake kupotea hewani. Mafuta ya kitani yaliyochanganywa na rangi hushika oksijeni na kuganda polepole. Tabaka jembamba huweza kushikika baada ya siku chache, lakini sehemu nene huchukua miezi. Kwa sababu hiyo vanishi ya mwisho kwa desturi huachwa mpaka miezi sita hivi ipite. Nakala yangu ilipakwa vanishi kabla ya kukabidhiwa, ili ing'ae dukani, na vanishi iliyopakwa juu ya rangi mbichi inaweza kupasuka kadiri rangi ya chini inavyoendelea kusinyaa. Kufikia sasa haijapasuka. Ningependelea kuichukua bila vanishi na kuirudisha baadaye kwa kazi hiyo, hata kwa kuongeza malipo, na karakana yenye kuheshimu kazi yake ingenipa chaguo hilo bila kuombwa.

Kwa upande wa huduma, muda ulioahidiwa ulipita na ilinibidi kupiga simu zaidi ya mara moja, jambo ambalo kwa mafundi wa kila aina tumelizoea. Majibu yalikuwa ya heshima. Picha ilifungwa kwa karatasi na katoni, ikafika nyumbani kwa tuktuk bila kukwaruzwa. Na kuna jambo moja ambalo ninalisifu bila kusita: nyuma ya kanvasi mchoraji ameandika kwa wino jina lake, mwaka, na kwamba hii ni nakala ya picha ya Winslow Homer. Mbele hakuiga sahihi ya Homer. Kunakili kazi ya mtu aliyefariki mwaka 1910 hakumdhulumu yeyote, ila kuficha kwamba ni nakala ni udanganyifu, na si kila karakana huwa makini na hilo.

Je, ningemshauri mwingine atoe shilingi 18,000? Kwa The Fog Warning, ningemwambia atoe kwa masharti: aende na kielelezo chake kilichochapishwa, aandikiwe kwenye risiti kwamba kanvasi ni 60 kwa 96 hata kama fremu itagharimu zaidi, akatae kioo, akatae vanishi, na aombe kuiona picha kabla anga halijamalizwa, wakati bado kuna nafasi ya kusema merikebu irudishwe mbali. Masharti hayo yakitimizwa, mchoraji huyu ana mkono wa kutosha kutoa nakala ya heshima.

Hata hivyo, ndani ya karakana ile ile, imeegemezwa ukutani nyuma ya fremu tupu, niliona kazi yake mwenyewe ambayo hakuna aliyemwagiza. Ni wavuvi wawili wa omena, dagaa wa ziwani, wakati wa usiku unaoelekea kucha. Mmoja ameinama ukingoni akikusanya wavu, mashua imelalia upande wake, na mwenzake amekaa upande wa pili, ameegemea nje kwa makalio na mgongo ili mashua isipinduke, mikono yake ikishughulika na taa. Hakuna jua linalozama. Mwanga wa taa umeangukia maji kwa umbali mfupi tu, na baada ya hapo ni giza lililopakwa kwa subira, tabaka kwa tabaka, likiwa limekauka kabisa kwa sababu halikuwa na mteja wa kuliharakisha. Kila kitu kilichokosekana katika anga la picha yangu kimo katika giza lile. Ina ukubwa wa 50 kwa 80, haina fremu, na bei aliyonitajia ni shilingi 12,000. Nimemlipa nusu, na nimemwambia asiipake vanishi.